Tupeane uzoefu: Mhadhara wausikilize nyumbani, darasani tubaki na maswali

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za leo. Nafundisha fizikia mwaka wa kwanza, darasa la watu 180. Muhula uliopita niligeuza darasa: mhadhara wanausikiliza kabla, kipindi kinabaki cha maswali. Walimu na wanafunzi mliopitia haya, tuambiane nini kilikubali na nini kiligoma.

Naanza mimi. Nilirekodi mhadhara wa dakika 50 kama ulivyo, nikaupandisha kwenye Moodle, mfumo wa masomo mtandaoni. Jumatatu nikauliza nani ameutazama, ikanyooka mikono minane. Baada ya kipindi CR (kiongozi wa darasa) akanifuata: "Mwalimu, faili ni MB 600. Boom la mkopo halijatoka, na bando la wiki haliufikishi mwisho." Iliniuma, maana hilo sikuwa nimelifikiria kabisa.

Nikaukata vipande vya dakika tano au sita, kila kipande wazo moja na swali moja la kuja nalo. Slaidi na sauti tu, sura yangu nikaitoa. Kipande kikashuka hadi MB 7, kinapita WhatsApp bila shida.

Lakini kazi kubwa niliikuta kwenye ile saa ya darasani. Nilifuata utaratibu alioanza nao mwalimu wa fizikia Eric Mazur pale Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1991: unatoa swali la dhana, kila mtu anachagua jibu kimyakimya, anabishana na jirani yake, kisha wanachagua tena. Sisi tunatumia vidole, mkono kifuani ili wasiigane. Nikauliza: lori na bajaji vikigongana uso kwa uso, kipi kinapata nguvu kubwa zaidi? Karibu darasa zima likasema bajaji. Binti mmoja wa viti vya nyuma ndiye aliyewageuza majirani zake, na wao wakawageuza wengine: nguvu ni ileile kwa vyote viwili, tungamo ndizo hazilingani. Miaka tisa nimeifundisha kanuni hiyo ya Newton ubaoni, sijawahi kuona watu wakiigombania hivyo.

Mwanafunzi, mwaka wa pili

Shikamoo mwalimu. Sisi video tulizitazama kwenye vimbweta (viti na meza za zege za nje), watu sita simu moja. Mwenye bando anapakua, wengine tunarushiana kwa app ya Xender, bila bando. Mtu akikwama tunasimamisha, tunabishana, tunaendelea. Hapo nilielewa kweli.

Taabu ilikuja walimu watatu walipogeuza muhula mmoja bila kuambiana. Kila mmoja na video za saa mbili kwa wiki, na vipindi havikupungua hata dakika. Hapa Tanzania kozi ya krediti 12 ni saa 120 za kazi yote, kujisomea kukiwemo. Mkiongeza video, tunaomba mpunguze kitu kingine. Kozi ya tatu nilishindwa kuifuatilia, nikarudi kwenye desa (notsi za kurithi) la kaka zetu wa mwaka wa tatu. Nilifaulu mtihani, ila lile somo sina.

Mkufunzi wa uuguzi, Kenya

Asante mwalimu kwa kuanzisha. Wenzangu wengi wakisikia habari hii wanakumbuka 2020, vyuo vilipofungwa mwezi Machi na tukahamia Zoom kwa haraka. Wakati ule tulikuwa tunaokoa muhula, hakuna somo lililobuniwa.

Sasa video ya kuweka kanula (mrija mwembamba wa mshipani) wanaitazama kabla, halafu saa nzima ni mazoezi kwenye mkono wa plastiki. Zamani nilionyesha mimi, wakagusa watano au sita, saa ikaisha. Sasa kila mmoja anadunga, na mimi nazunguka nikisahihisha pembe ya sindano. Jihadharini na jambo moja tu: aliyetazama mara nne huja akijiamini kuliko mkono wake. Huyo ndiye nasimama naye.

Mwanachama mwenye uoni hafifu, shahada ya uzamili

Naomba niseme la kwetu. Simu yangu inanisomea maandishi, kwa hiyo slaidi zikija kama picha, kwangu ni ukurasa mtupu. Mwalimu akisema "kama mnavyoona hapa, hiki kinapungua", nabaki nauliza: hiki kipi? Akitaja tu kwamba "mstari wa joto unashuka kutoka 80 hadi 20", niko naye. Hilo halihitaji bajeti.

Mwanzisha mada

Ahsante sana ndugu yangu. Baada ya kukusoma nimefungua vipande vyangu nikavisikiliza nimefumba macho. Katika kile cha tatu pekee nimesema "hapa" mara 11. Jumamosi nakirekodi upya, na slaidi nitazituma kama maandishi.