Utando wa seli ni mafuta, sasa maji yanapitaje?

Swali: Jamani, nimekwama. Utando ni tabaka mbili za fosfolipidi (molekuli za mafuta zenye kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakwepa), na mikia hiyo imejificha katikati. Maji yanaingiaje?

Jibu: Machache hupenya yenyewe, molekuli zake ni ndogo. Mengi hupitia akwaporini, protini zenye tundu jembamba hivi kwamba molekuli hupita moja moja kwa foleni. Peter Agre alipata Nobel ya kemia 2003 kwa kuzigundua.

Muulizaji: Basi na ioni ya sodiamu (atomu yenye chaji ya umeme) ipenye, nayo si ndogo?

Jibu: Udogo hausaidii, ndugu yangu. Ina chaji, na maji yameing'ang'ania, mikia haiitaki. Hadi ipate mfereji wake, au pampu, protini inayosukuma ioni kwa nguvu: sodiamu 3 nje, potasiamu 2 ndani, ATP moja (molekuli inayobeba nishati ya seli) imeliwa. Oksijeni haina chaji, inapenya tu.