Poka: kuchagua karata za kuanza ni ustadi au bahati? Na kama ni ustadi, ndo imeshakuwa halali?

MLETA MADA
Assalaam alaykum jamaa zangu. Siku hizi ukipita barza za mjini, Kikwajuni, Michenzani, na naambiwa hata Chake, vijana walokuwa wakipiga dhumna sasa wameinamia simu wanacheza poka, ile ya Texas, karata mbili zako na tano za mezani. Wazee wakisema hii kamari wanajibiwa "si bahati babu, ni ustadi, ukijua kuchagua karata za kuanza unashinda". Msimamo wangu mie ni huu: kuchagua karata ni ustadi kweli, hapo wazee wanakosea. Ila ustadi hauigeuzi pesa ilowekwa mezani ikawa si kamari, na hapo vijana ndo wanajidanganya.

Hesabu kwanza. Kwenye karata 52 ukipewa mbili kuna michanganyiko 1,326, na ukiangalia namba tu na kama aina ni moja au mbalimbali zinabaki namna 169. Jozi yoyote inakuja kama mara moja kati ya 17, ree mbili (zile A) mara moja kati ya 221. Kwahiyo sehemu kubwa ya mchezo ni kutupa, yaani kuziacha karata mbovu ukakaa nje ya mzunguko ule, na kutupa ndo kunakowashinda watu.

Chukua ree na nne, moja kopa moja pao. Kijana akiona ree macho yanamtoka, anaingia. Akikutana na mwenye ree na kingi, kama mara saba kati ya kumi ameliwa, na ubaya wake ni kwamba ree nyingine ikishuka mezani ndo anazidi kufurahi, anaongeza dau, anaongeza tena, kumbe wote wawili wana jozi ya ree, na ile kingi ya mwenzake, inayoipita nne yake, imekaa inamngoja tu. Karata ilomfurahisha ndo ilomfilisi. Saba na nane za aina moja ni ndogo lakini zikikosa unaona wazi zimekosa, unatupa, hasara yako kidogo. Hili hulijui mpaka ufundishwe au uliwe sana.

Halafu pahala ulipokaa. Meza ya watu tisa, anaeanza kusema hajui wenzake wanane wamebeba nini, mchezaji makini hapo anaingia na karata nzuri tu, moja katika nane au kumi hivi. Anaesema mwisho ameshawaona wenzake wakitupa, anaweza kuingia na karata karibu nusu ya anazopewa. Karata zile zile, kiti tofauti, uamuzi tofauti. Bahati haijui kiti.

KIJANA WA MICHENZANI
Asante kaka umemaliza. Niongeze moja tu, Januari 2017 kule Pittsburgh Marekani programu ya kompyuta inaitwa Libratus, ya chuo cha Carnegie Mellon, ilicheza na wataalamu wanne, mmoja mmoja, mizunguko 120,000 na ikawashinda wote. Sasa wanaosema bahati watwambie kompyuta ilipata wapi bahati mara 120,000?? Kama ni ustadi basi si kamari, sioni mnabisha nini.

BABU WA MKUNAZINI
Wanangu, mie nimeshika karata kabla ya baba zenu hawajaoa. Hiyo ree mbili mnayoisifu ikikutana na kingi mbili inashindwa karibu mara moja kati ya tano, na huyo aloshindwa hakukosea lolote. Ree na kingi ikikutana na saba na mbili, ambayo nyie wenyewe mnasema ndo karata mbovu kuliko zote, ile mbovu inashinda karibu mara moja kati ya tatu. Na yule Mmarekani Doyle Brunson alochukua ubingwa wa dunia 1976 na 1977, miaka yote miwili karata zake za mwisho zilikuwa ya kumi moja na ya mbili moja. Kumi na mbili! Nyie mngezitupa. Halafu Suratul Maida aya ya 90 imetaja maisiri, yaani kamari, imemaliza, haikusema "isipokuwa kwa mjuzi".

MLETA MADA
Babu shikamoo. Kwenye aya sina neno, tuko pamoja. Kwa Brunson tu nikupinge kidogo kwa adabu: mwisho wa mashindano wamebaki wawili mezani, na wakibaki wawili karata hazipimwi kama meza ya tisa, ukisubiri nzuri tu yale madau ya lazima, yanayowekwa kabla karata hazijagaiwa, yanakumaliza. Kumi na mbili ya watu wawili si kumi na mbili ya watu tisa.

Na weye wa Michenzani usikimbilie. Hayo ya "ni ustadi basi si kamari" wenzako wameshayapeleka mahakamani. 2012 jaji mmoja wa Brooklyn, Jack Weinstein, alikubali kwamba poka inatawaliwa na ustadi kuliko bahati, akamfutia jamaa hatia ya kuendesha biashara ya kamari. 2013 mahakama ya rufaa ikairudisha ile hatia, sheria yao haikuuliza ustadi wala bahati, iliuliza ni biashara ya kamari au si biashara ya kamari basi. Ni maswali mawili hayo.

MCHUUZI WA SAMAKI
Mie swali. Alfajiri naingia mnadani nanunua fungu, juu naona changu wazuri chini sijui kuna nini, siku nakula siku naliwa. Ustadi upo, bahati ipo, pesa ipo. Mbona yangu halali?

MWALIMU WA HESABU, WETE
Kaka yangu wewe ukilipa unapewa samaki. Mvuvi kapata pesa, wewe mzigo, mama kapata kitoweo, kila mmoja kaondoka na kitu. Poka shilingi ninayoondoka nayo ndo hiyo hiyo uloikosa wewe, hakijazalishwa chochote, na ukichezea kasino meza nayo inakata chake kwa kila mzunguko au kwa saa, kwahiyo mkijumlishwa wachezaji wote mmetoka na pungufu.

Lakini bila pesa mie naitetea kabisa. Nasomesha sekondari, watoto wanachoka na sarafu ya kichwa na mwenge. Muulize mtoto: una ree na kingi, karata tatu zinafunuliwa, uwezekano gani upate angalau ree moja au kingi moja? Kama theluthi tu. Hawaamini mpaka tukae tuhesabu, na hapo ndo wanaelewa kwanini karata nzuri bado si ushindi.

FUNDI SIMU DARAJANI
Hapo kwenye "bila pesa" ndo mnapojidanganya nyote wasomi na wazee. Mie hizo simu zinapita mikononi mwangu kila siku. Pointi za bure kwani nani anatupa karata? Hakuna! Zikiisha kesho anapewa nyengine, kwahiyo anaingia na saba mbili, anaingia na tisa tatu, anaweka zote, ha ha ha, tena. Ule ustadi wa kuchagua mnaousifu kwenye simu haupo, huwezi kujifunza kuogopa hasara ambayo haipo. Na zikiisha kabla ya kesho programu inamwambia nunua, anatoa pesa ya simu ananunua. Sasa hiyo bure iko wapi yakhe?

KIJANA WA MICHENZANI
Si wote bana. Mie natupa.

FUNDI SIMU DARAJANI
Weye juzi umeweka zote na jeki na tano nimekuona 😂

MLETA MADA
Fundi umenigusa penyewe, hoja hii nzito kuliko zote zilokuja. Maana yake ustadi unaonekana pale tu penye cha kupoteza, na cha kupoteza kikiwa pesa babu keshatufungia mlango, na mie nakubaliana nae. Iliyobaki ni kutafuta hasara isokuwa mali. Napendekeza hivi: simu weka pembeni, chukueni karata za kushika na kete za bao, zipo 64, watu wanne kila mmoja 16, hakuna kuongezewa. Zikiisha unainuka. Mtu akikaa nje anaangalia wenzake wanacheza atajifunza kutupa ree na nne haraka sana.

MWALIMU WA HESABU, WETE
Hiyo nitaijaribu skuli, ila nitatumia mbegu za ubuyu, kete za bao hapa kuna wenyewe.

BABU WA MKUNAZINI
Na anaeinuka si ndo mtamwambia alipie kahawa? Nawajua nyie. Hapo mshaingia tena.

MLETA MADA
Hapana babu, kahawa kila mtu na yake. Anaeinuka anampisha alokuwa akingoja, basi.