Mustang ya 1967 yenye V8 ya 289 hapa Ujerumani: nianze na kipi kuongeza nguvu ya injini?

MwenyeNambaH

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za siku. Naishi Stuttgart, na kwa miaka mitatu sasa namiliki Ford Mustang ya 1967 yenye injini ya V8 ya inchi za ujazo 289, yaani lita 4.7, kabureta ya midomo miwili na giaboksi ya otomatiki ya C4 yenye gia tatu. Kiwandani iliandikiwa nguvu farasi 200. Difu ni ya uwiano wa 3.00, yaani shafti inayotoka kwenye giaboksi huzunguka mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa matairi, na breki za mbele nilizikuta tayari ni za diski. Gari lina namba ya H, ile ya magari ya kale, kwa hiyo nalipa kodi ya euro 191.73 kwa mwaka bila kujali ukubwa wa injini, na naruhusiwa kuingia katika maeneo ya miji yaliyofungiwa magari yanayochafua hewa.

Shida yangu ni kwamba gari linasikika kama simba lakini linapanda milima kama mzee mwenye mzigo. Sitafuti gari la mashindano. Nataka nikitoka kwenye kilomita 80 kwa saa kumpita mwenye lori nisihitaji kuomba dua. Fedha niliyo nayo inatosha kazi moja kubwa msimu huu wa baridi, na nimebaki na njia tatu: kuagiza kutoka Marekani hedi za silinda (vifuniko vya juu vya injini vyenye valvu) za aluminiamu zenye chemba za kuunguzia mafuta za sentimita za ujazo 60, kuweka kamshafti kubwa (shafti inayofungua valvu) pamoja na kabureta ya midomo minne, au kubadili difu iwe ya 3.55. Naomba mnieleze ningeanza na ipi, na kama kuna itakayoniharibia ile namba ya H. Jambo la petroli nalo linanichanganya, kwa sababu maelezo ya vipuri vya Kimarekani yanadai oktani 91 au 93, ilhali hapa pampu zinaandika 95 na 98.

FundiMkongwe

Marahaba, kijana. Kabla hujaagiza chochote, mtu mmoja aketi kwenye usukani, injini ikiwa imezimwa, akanyage pedali ya mafuta hadi mwisho, nawe uvue kichujio cha hewa uchungulie ndani ya kabureta kwa tochi. Vile vipepeo viwili, yaani vibati vinavyoruhusu hewa kuingia, vinapaswa kusimama wima kabisa. Nimeshapokea zaidi ya gari moja la aina hii ambalo mwenyewe alikuwa tayari kulinunulia injini nyingine, kumbe zulia jipya lililotandikwa chini ya pedali lilikuwa linazuia vipepeo kufunguka zaidi ya robo tatu. Baada ya hapo pima mgandamizo wa silinda zote nane, kisha pima taimingi ya moto, yaani wakati cheche inapowaka, kwa taa, ukiwa umechomoa na kuziba mpira wa vakyumu (mfyonzo wa injini) wa distributa, kile kifaa kinachogawa cheche. Injini hii hupenda nyuzi 34 hadi 36 kwa jumla ikifika mizunguko 3,000 hivi kwa dakika. Ukikuta 26, nguvu uliyotaka kuinunua Marekani ilikuwa imelala hapo hapo kwenye distributa.

Ile namba 200 nayo usiiamini sana. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 viwanda vya Marekani vilipima injini ikiwa mezani, bila kichujio cha hewa, bila feni, na ikiwa na mabomba huru ya eksozi. Farasi wengine hawakuwahi kuingia ndani ya gari.

Sasa tuje kwenye hedi, maana hapo ndipo watu wanapopoteza fedha. Silinda moja ya 289 ina ujazo wa sentimita 592 hivi. Ikiwa mgandamizo ni 9.3 kwa 1, nafasi yote inayobaki pistoni ikifika juu ni 592 ugawe kwa 8.3 (9.3 toa 1), yaani kama 71. Chemba za hedi za kiwandani huwa karibu 54. Zinazobaki ni unene wa gasketi na kina cha pistoni. Ukifunga hedi zenye chemba za 60 bila kugusa kitu kingine, nafasi inapanda hadi 77 na mgandamizo unashuka hadi kama 8.7 kwa 1. Utakuwa umelipia hedi, usafiri, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 19, na gari likakosa msukumo zaidi chini ya mizunguko 2,500, mahali hasa unapolalamikia. Juu, kwenye mizunguko mingi, litapumua vizuri zaidi, sikatai, lakini wewe huendi huko.

Kama bado unazitaka, tafuta zenye chemba ndogo, au zipunguzwe uso kwenye mashine, na utumie gasketi nyembamba. Wala usitegemee namba iliyochapwa kwenye boksi. Hedi ipinduliwe, valvu na plagi zikiwa mahali pake, upake grisi kidogo ukingoni mwa chemba, uifunike kwa kipande cha plastiki angavu chenye tundu, kisha uijaze kwa bureti ile ya maabara ya kemia mpaka kiputo cha mwisho kitoke. Unachosoma kwenye bureti ndicho kipimo.

Sababu moja nzuri ya kubadili hedi ipo, nayo haihusu nguvu. Injini ya 1967 ilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, ambayo Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni kuanzia tarehe 1 Januari 2000. Risasi ilikuwa inalinda viti vya valvu za eksozi. Kama hedi zako hazijawahi kuwekewa viti vigumu, safari ndefu za barabara kuu zinavila taratibu. Hedi za aluminiamu huja na viti vigumu tayari.

Kuhusu petroli, namba ya pampu ya Marekani ni wastani wa vipimo viwili, na ya hapa ni kile kimoja kilicho kikubwa zaidi. 91 yao ni sawa na 95 au 96 yetu, na 93 yao ni kama 98. Kwa mgandamizo wa 9.3 utatumia 95 bila wasiwasi, mradi injini haigongi ikipanda mlima kwa gia ya tatu. Angalia tu mipira ya mafuta, kwa sababu ethanoli iliyomo kwenye E10, petroli iliyochanganywa na ethanoli, huila ile ya zamani.

DadaRotterdam

Naunga mkono, na naongeza la kamshafti kwa sababu mimi nimelipia ada ya somo hilo. Gari langu ni Camaro yenye injini ya 350. Duka nililonunua lilinishauri kamshafti kubwa, nami nikakubali kwa ajili ya ule mtetemo wa injini ikiwa imesimama, ambao nakiri unapendeza masikioni. Kabla ya hapo vakyumu ilikuwa inchi 18 za zebaki gari likiwa limesimama. Baada ya hapo ikawa 10. Busta ya breki, ile inayoupunguzia mguu kazi, hutegemea vakyumu hiyo hiyo. Mara ya kwanza nilipolirudisha kinyumenyume kwenye maegesho ya ghorofa, nilikanyaga breki mara mbili na mara ya pili pedali ikawa ngumu kama jiwe. Sikugonga kitu, ila nilitetemeka mpaka nyumbani, na baada ya mwezi mmoja nikaitoa. Kwa giaboksi ya otomatiki yenye kibadilishi cha kiwandani (kiunganishi cha mafuta kati ya injini na giaboksi), kamshafti ya namna hiyo hulifanya gari litake kusogea lenyewe kwenye taa nyekundu, au lizime.

Kabureta nayo ina hesabu yake. Zidisha inchi za ujazo kwa mizunguko ya juu unayokusudia, ugawe kwa 3,456, kisha uchukue asilimia 85 ya jibu. Kwa 289 na mizunguko 5,500 unapata futi za ujazo 391 za hewa kwa dakika. Kabureta ya 600 inatosha na kubaki. Ya 750 itakufanya unuse petroli kila asubuhi.

SupachajaDaima

Samahani Mzee, lakini tunazunguka mbuyu. Mtu anataka nguvu ya katikati, na hakuna kinachoitoa kama supachaja, ile pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Anaweka moja ya mkanda, mgandamizo wa hewa mdogo tu, hedi zile zile, kamshafti ile ile. Wala asiambiwe si ya enzi hiyo: mwaka 1966 Shelby waliiuza GT350 ikiwa na supachaja ya Paxton kama chaguo la mnunuzi. Akiwa na mgandamizo wa 8.7 ambao Mzee anaulalamikia, ndiyo kwanza inafaa, kwa sababu supachaja inapenda mgandamizo mdogo.

KaratasiKwanza

Ndugu Supachaja, kitaalamu una hoja, ila gari lipo Stuttgart na lina namba ya H, kwa hiyo swali la kwanza ni nani atasaini. Kifungu cha 19 cha kanuni za usajili wa magari za Ujerumani kinasema kibali cha gari kutembea barabarani kinakoma pale mabadiliko yanapozidisha hewa chafu au kelele, yanapobadili aina ya gari, au yanapotarajiwa kuhatarisha watu. Kipuri chenye cheti cha kijerumani kinachoitwa Teilegutachten huandikishwa kwa urahisi baada ya ukaguzi. Vipuri vingi vya Kimarekani havina cheti hicho, na hapo inabidi ukaguzi wa gari moja moja wa kifungu cha 21, ambao mhandisi anaweza kudai vipimo vya kelele, vya moshi na vya breki. Mfuko wa fedha utakuwa umekwisha kabla gari halijapanda mlima.

Kwa namba ya H, kanuni ya jumla ni kwamba badiliko linakubalika likiwa ni la aina iliyokuwa ikifanyika ndani ya miaka kumi ya kwanza ya gari. Kwa gari la 1967 hiyo ni hadi 1977. Manifoldi (mabomba yanayopeleka hewa na mafuta kutoka kabureta hadi silinda) ya aluminiamu na kabureta ya midomo minne vinaingia bila mabishano, kwa sababu Ford yenyewe mwaka huo iliuza 289 ya midomo minne yenye nguvu farasi 225, na mhandisi akiona karatasi za kiwanda ana kitu cha kushika. Hedi za aluminiamu za kisasa zinategemea mhandisi, kwa hiyo mwendee ukiwa na picha na maelezo kabla ya kununua, si baada. Mwisho, fungua cheti chako cha usajili usome P.2, ambayo ni nguvu kwa kilowati, na U.1, ambayo ni kelele gari likiwa limesimama. Namba hizo mbili zikitofautiana na gari lilivyo, kampuni ya bima nayo italisoma jambo hilo siku ya ajali.

MwenyeNambaH

Nawashukuru sana. Nimechungulia kabureta kama Mzee alivyoagiza: vipepeo vinafunguka vyote, lakini taimingi kwa jumla ilikuwa nyuzi 27, na platini, zile swichi ndogo za cheche ndani ya distributa, zimeungua upande mmoja. Baada ya kubadili platini na kuweka nyuzi 35 gari limebadilika kuliko nilivyotarajia, hata mke wangu ameuliza nimelifanya nini. Hedi nimeziacha kwanza. Nafikiria manifoldi na kabureta ya midomo minne ya 600, kamshafti ibaki ya kiwandani, kisha difu ya 3.55. Au difu nayo nimekosea?

FundiMkongwe

Difu ndiyo itakayokupa msukumo unaousikia mgongoni, ila piga hesabu kwanza. Tairi lako lina kipenyo cha inchi 26 hivi, kwa hiyo kila mzunguko mmoja unakwenda mita 2.07. Kwa kilomita 130 kwa saa, ambayo ndiyo kasi inayopendekezwa kwenye autobahn, difu ya 3.00 inaizungusha injini mara 3,140 kwa dakika, na ya 3.55 mara 3,720. Kwa kilomita 160 inakuwa kama 4,570, na injini yako hutoa nguvu yake ya juu kabisa kwenye 4,400. Utaendesha saa nzima huku feni ikipiga kelele, joto likipanda, na redio haisikiki.

Waliokutangulia hutatua hilo kwa giaboksi ya otomatiki ya Ford iitwayo AOD, ambayo gia yake ya nne ni ya 0.67, ukiwa na 3.55 unarudi kwenye mizunguko 2,500 kwa kilomita 130. Lakini AOD ilitoka 1980, na Ndugu Karatasi ameshakuambia mpaka wako ni 1977. Kwa hiyo, kama safari zako nyingi ni za milimani na barabara za vijijini, funga 3.55 na ukubali kwenda 110 kwenye barabara kuu. Kama kila wiki unakwenda München, acha 3.00 kama ilivyo, fedha hiyo iende kwenye rejeta ya safu tatu na uanze na kabureta peke yake.

Usipotoshwe na mtu akikuambia utafute "T-5". Kuna giaboksi ya mkono yenye jina hilo, na ni ya miaka ya 1980. Lakini zamani hapa Ujerumani Mustang yenyewe ndiyo iliyouzwa kwa jina la T-5, kwa sababu jina la Mustang lilikuwa limeshamilikiwa na Krupp. Nimeona watu wawili wakibishana nusu saa kwenye simu, mmoja akiuza gari na mwingine akinunua giaboksi.

MwenyeNambaH

Safari zangu nyingi ni za Schwarzwald, Mzee, autobahn ni mara moja kwa mwezi. Basi nitafunga 3.55 na kabureta ya 600, na Jumatatu nampelekea mhandisi wa TÜV, shirika la ukaguzi wa magari, karatasi za ile 289 ya nguvu farasi 225 kabla sijalipia manifoldi.

FundiMkongwe

Sawa. Ukibadili difu, badili pia gia ndogo ya waya wa spidomita kwenye mkia wa giaboksi, la sivyo itasoma kasi kubwa kwa asilimia 18, na huyo huyo mhandisi ndiye atakayeiona kwanza.