Naombeni msaada: kuhamisha video kompyuta hadi kompyuta hapa studio kunakula masaa matatu

StudioMakole:
Mbukwenyi wana Dodoma na wengine wote humu. Nina kastudio ka picha na video hapa Makole, niko na kijana wangu mmoja anayeediti. Tuna kompyuta mbili za mezani, yangu ndo inapokea kazi kutoka kwenye kamera, ya pili ya kijana iko chumba cha ndani, zote zimechomekwa kwa waya kwenye swichi (kile kiboksi cha kuunganisha kompyuta) na swichi imeenda kwenye ruta ya intaneti. Jumamosi tumepiga sendoff, Jumapili harusi yenyewe, kamera mbili, folda imefika GB 120. Sasa nikianza kuihamisha kwenda kwa kijana spidi inakaa kwenye MB 11 kwa sekunde, haipandi haishuki, muda wote 11, yaani inachukua karibu masaa matatu na jana umeme umekatika imebaki kidogo tu imalize ikabidi tuanze mwanzo. Maharusi wanarudi Dar na treni Ijumaa asubuhi na nimewaahidi hawaondoki bila video yao. Nimerestati kila kitu, kijana kazima antivairasi, wapi. Dukani walinihakikishia swichi ni ya giga, yaani ya megabiti 1000. Jamani kazi hii inaenda kwa jina, nikichelewesha moja nazikosa tatu, naombeni mnisaidie.

mdau_Nkuhungu:
Pole sana dada. Mi naona hilo ni bando, mwezi uliopita na mimi intaneti ilikuwa inaburuza hivyohivyo nikapanda kifurushi cha juu ikakaa sawa. Jaribu hivyo kwanza.

kebo_fupi:
Mdau nakupinga kwa heshima, usimwingize dada kwenye gharama. Faili linatoka kompyuta moja linapita kwenye swichi linaingia kompyuta nyingine, halitoki nje ya hilo jengo. Hata akichomoa waya wa ruta sasa hivi, kwa hizo kompyuta mbili haibadiliki kitu.

Dada, hiyo 11 uliyoitaja ndo imenifanya niandike. Spidi ya mtandao inahesabiwa kwa megabiti ila Windows wakati wa kukopi inakuonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Njia ya megabiti 100 ukigawa kwa 8 unapata 12.5, toa mzigo wa mtandao wenyewe inabaki 11 na pointi. Kwa hiyo mahali fulani hapo kuna kitu kinatembea kwenye 100 badala ya 1000. Ingekuwa diski mbovu au antivairasi ungeona namba inarukaruka, mara 40 mara 6 mara 25. Ikikaa kwenye 11 bila kutikisika, hapo njia ndo imejaa.

Fanya hivi, shika kitufe cha Windows na R, andika ncpa.cpl bonyeza enta, kisha bonyeza mara mbili ile picha ya mtandao wa waya, utaona mstari wa spidi. Angalia kwenye kompyuta zote mbili utuletee majibu.

mtu_wa_Kondoa:
Kuna njia ya mkato. Ingia kwenye seti za kadi ya mtandao, toa kwenye Auto weka 1.0 Gbps (ndo hiyo 1000) kwa nguvu. Nilishafanya sehemu ikakubali.

StudioMakole:
Nimerudi. Yangu inasema 1.0 Gbps, ya kijana inasema 100 Mbps. Nikafuata ya kaka wa Kondoa kwenye ya kijana, mtandao umekufa kabisa, inasema waya haujachomekwa wakati naona umechomekwa. Nifanyeje jamani mbona nimezidi kuharibu??

kebo_fupi:
Hujaharibu kitu dada, tulia, rudisha kwenye Auto itarudi. Na umetusaidia kweli, maana hapo tumejua kadi ilitaka 1000 ila njia imeikatalia.

Ngoja nieleze maana wengi hawajui na wanaishia kununua swichi mpya bure. Ndani ya waya wa mtandao kuna nyaya 8, jozi nne. Spidi ya 100 inatumia jozi mbili tu, pini namba 1, 2, 3 na 6. Spidi ya 1000 inataka jozi zote nne ziwe nzima. Sasa ikikatika hata moja kati ya zile zingine, 4, 5, 7 au 8, mashine zinashindwa kuelewana kwenye 1000 zinashuka zenyewe kwenye 100 na kazi inaendelea, taa zinawaka, intaneti ipo, hakuna tangazo lolote la kosa. Ndo maana watu wanakaa na tatizo hili hata mwaka mzima. Kama intaneti yako ni ya megabiti 20 au 30 utajuaje?

Swali langu kwako, waya wa kijana unapita wapi?

StudioMakole:
Unapita chini ya mlango wa chumba cha kueditia. Mlango ule tunaufunga kila saa sababu ya vumbi, si mnajua upepo wa huku ukianza.

kebo_fupi:
Basi nauhisi mlango kabla ya kitu kingine chochote. Ila usiamini maneno yangu, pima. Kama huna testa (kifaa cha kupima waya) badilishana nyaya, wa kwako uende kwenye kompyuta ya kijana hata kama itabidi uisogeze kompyuta karibu na swichi. Ikipanda 1.0 Gbps basi waya ule ndo mgonjwa. Ikibaki 100 tutaangalia tundu la swichi na kadi.

binti_Kizota:
Naongezea kidogo kwa ajili ya waya mpya, dada usichukue wowote tu. Kuna nyaya ni aluminiamu imepakwa shaba juu, rahisi kwa bei lakini inakatika ikikunjwa mara chache, na hapo mlangoni haikai. Muombe muuzaji akwangue kwa wembe ncha ya uzi mmoja, ndani ikiwa nyeupe kama fedha achana nao, shaba halisi ni nyekundu mpaka katikati. Uandikwe Cat5e au Cat6, hayo ni madaraja ya waya, kwa umbali chini ya mita 100 Cat5e inabeba giga bila shida. Hapo studio kwako hauhitaji zaidi.

StudioMakole:
Wakuu nimebadilishana nyaya IMEPANDA. 1.0 Gbps. Nimemuita fundi mmoja wa pale Barabara ya Saba kaja na testa, taa zimewaka zote isipokuwa ya 7, na ukipapasa waya pale chini ya mlango unasikia pamebonyea. Nimenunua mpya, nimewembeza kwanza kama binti alivyosema, wa kwanza ulikuwa mweupe ndani nikaurudisha, duka la pili nikapata wa shaba. Fundi kaupitisha juu ya fremu ya mlango.

Folda ileile ya GB 120 imeenda kwa MB 110 hivi, dakika 19. Nimekaa naangalia tu siamini, miezi yote hii tulikuwa tunalala studio kusubiri kukopi.

Ila bado kuna kitu. Kukopi kwenda kwenye eksteno (diski ya nje) ya mteja inakwenda 35. Hiyo nayo ni waya?

kebo_fupi:
Hongera dada. Hapana, eksteno haipiti kwenye mtandao. Umechomeka tundu la mbele? Mengi ya mbele kwenye kesi za zamani ni USB 2, kule hata diski iwe nzuri vipi hauvuki 40 kirahisi. Chomeka nyuma kwenye tundu la bluu. Ikiwa ni diski ya kuzunguka tegemea 100 na kitu mwanzoni halafu inapungua kadiri inavyojaa, hiyo ni kawaida yake.

Na kitu kingine, maelfu ya picha ndogondogo yataenda pole kuliko video moja kubwa hata waya ukiwa mzima, kwa sababu kila faili linafunguliwa na kufungwa peke yake. Usije ukamlaumu fundi bure. Picha zikiwa nyingi zifunge kwenye zip moja bila kuzibana, halafu ndo uhamishe.

StudioMakole:
Ya nyuma ni bluu kweli. Imefika 120. Mungu akubariki kaka, maharusi wanachukua mzigo wao kesho jioni.

mdau_Nkuhungu:
Na mimi nimejifunza, dada nisamehe kwa ile ya bando. Sasa naomba niulize na ya kwangu, nina stationari, kompyuta tatu zimechomekwa moja kwa moja kwenye ruta, hakuna swichi, na zote zinasoma 100 Mbps. Nimekagua nyaya kwa testa, zote 8 zinawaka.

binti_Kizota:
Zote tatu kwa pamoja? Basi tatizo si waya. Ruta nyingi ndogo matundu yake ya waya ni ya 10/100 tu, yaani mwisho megabiti 100, hata kama waifai yake imeandikwa 300 au zaidi kwenye boksi. Geuza ruta usome kibandiko cha chini au tafuta namba yake ya modeli mtandaoni, kama hakuna neno gigabiti wala 10/100/1000 ndo hivyo. Usibadilishe ruta, tafuta kiswichi cha giga cha matundu matano, kompyuta tatu ziingie kwenye swichi, waya mmoja utoke swichi uende ruta. Intaneti itabaki ileile ila kompyuta kwa kompyuta zitaongea kwa 1000.

mdau_Nkuhungu:
Nimegeuza. Imeandikwa 10/100. Kesho asubuhi naanzia mjini kutafuta kiswichi.