Naomba ushauri: nyaraka za Joseph Bonaparte, mfalme aliyeishi uhamishoni Marekani

Wakuu, habari zenu. Naandaa makala ndefu ya Kiswahili kuhusu Joseph Bonaparte, kaka mkubwa wa Napoleon. Alikuwa mfalme wa Naples, kisha wa Hispania, na mwaka 1815 akakimbilia Marekani. Huko alitumia jina la Comte de Survilliers, akajenga makazi Point Breeze, Bordentown, New Jersey, jirani na mto Delaware.

Kinachonigusa zaidi ni moto wa Januari 1820. Jumba liliteketea, majirani wakajitosa kuokoa vitu. Baadaye aliandika barua ya kuwashukuru kwamba fedha, vito, picha na vitabu vyote vilivyookolewa vilirudishwa mikononi mwa watu wa nyumba yake. Ndani ya barua kama hiyo unamwona mtu mwenyewe, si taji.

Shida yangu ni vyanzo. Kumbukumbu na barua zake zilichapishwa Paris mwaka 1853 na 1854, juzuu 10, ila sehemu kubwa ni mambo ya utawala na vita Ulaya. Mimi nautaka uhamisho.

Kifaransa cha kuchapwa nasoma vizuri, mwandiko wa mkono wa karne ya 19 ndio unanishinda. Je, nianze kwa kuwaandikia American Philosophical Society ya Philadelphia, ambako alikuwa mwanachama, au Nyaraka za Taifa za Ufaransa? Aliyewahi kuagiza nakala kutoka nje, gharama zilikuwaje? Na mwandiko ule mlijifunzaje kuusoma? Natanguliza shukrani.