Nasoma digrii ya baiolojia Marekani, nia yangu ni udaktari. Nijiandae vipi?

Binti wa Chake

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mtoto wa Pemba. Nilimaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), nikapata ufadhili wa digrii ya baiolojia Marekani. Mwaka wa kwanza nimeumaliza, niko nyumbani Chake mpaka mwezi wa nane.

Kila ninapokwenda kuwaamkia jamaa naulizwa, "Daktari, unamaliza lini?" Ami yangu ndiye aliyenilea, na hajakubali kwamba baada ya miaka minne nitakuwa bado sijauanza udaktari wenyewe. Anasema wenzangu wa skuli wameingia udaktari SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, moja kwa moja. Nichukue masomo gani? Likizo hii niitumie vipi? Au nirudi tu?

Mzee wa Kiponda

Waalaykum salaam mwanangu. Ami yako hajakosea. Huku MD, yaani digrii ya udaktari, ni digrii ya kwanza: miaka mitano chuoni, mwaka mmoja wa mazoezi hospitali, ndipo unasajiliwa. Kule unaingia udaktari ukiwa na digrii tayari, unasoma miaka minne mingine, kisha mafunzo ya ubingwa yasiyopungua miaka mitatu. Kaa naye umfafanulie hesabu hii kwa utulivu. Mzee akiona umeipima mwenyewe, moyo wake hulainika.

Msafiri wa Mkoani

Dada, mimi digrii nimesomea huko huko, kwa hiyo nitakwambia wazi. Kabla ya masomo, tazama pasi yako ya kusafiria. Vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havimpokei kabisa mtu asiye raia wala mkaazi wa kudumu. Katika vile vinavyopokea wageni, vipo vinavyotaka uoneshe mapema fedha za ada, vingine hata za miaka yote minne. Mikopo ya serikali yao si ya mgeni. Inaniuma sana kuona vijana wetu wanayajua haya mwaka wa mwisho. Pitia tovuti za vyuo kimoja kimoja sasa hivi, uandike vinavyopokea wageni na masharti yao ya fedha.

Masomo: baiolojia, kemia ya jumla, kemia ya ogani na fizikia, kila moja mwaka mzima pamoja na maabara yake. Ongeza bayokemia, takwimu, saikolojia na sosholojia. Hizo mbili za mwisho usizidharau, zina sehemu nzima kwenye MCAT, mtihani wa kuombea udaktari kule. Mtihani huo una sehemu nne, alama zinaanzia 472 mpaka 528, na siku yenyewe, pamoja na mapumziko, ni saa saba na nusu. Sisi tuliotoka PCB sayansi haitutishi. Kinachotuangusha ni ile sehemu ya kusoma vifungu vya falsafa, historia na sanaa kisha kupima hoja ya mwandishi. Haina la kukariri. Soma makala ndefu za Kiingereza kila siku kuanzia sasa, usingoje mwaka wa tatu.

Na GPA, yaani wastani wa alama zako za chuo: wanaikokotoa ya sayansi peke yake pia. Muhula ukiwa mzito, punguza somo moja, usijibebeshe yote.

Mama Wawi

Mwanangu, uko Chake na unauliza likizo uitumie vipi? Hapo Wawi ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, tangu mwaka 2000. Wanafanya utafiti wa kichocho, matende na minyoo, maradhi ambayo wenzako kule wanayasoma kwenye vitabu tu. Omba kuangalia na kujifunza, hata kama ni kuhesabu mayai ya kichocho kwenye hadubini. Ukipata nafasi omba pia Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, ukae na daktari anapoona wagonjwa. Usimshike mgonjwa wala usipige picha. Kila jioni andika ulichokiona, maana watakuuliza kwa nini unataka udaktari, na jibu la "napenda kusaidia watu" kila mwombaji analo.

Jirani wa Tibirinzi

Mimi nasema arudi. Umri wa binti unakwenda, na madaktari tunawahitaji hapa.

Msafiri wa Mkoani

Jirani, ufadhili wa miaka minne hauachwi hivi hivi. Na digrii ya baiolojia ina kazi zake, za maabara na za afya ya jamii.

Mzee wa Kiponda

Naungana na Msafiri. Mwanangu, cheti chako cha kidato cha sita hakiozi. Maliza digrii, na milango ya kule ikifungwa, omba MD hapa kwa matokeo yako ya PCB. Masharti ya alama yasome kwenye mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wa mwaka utakaoomba. Utaanza mwaka wa kwanza, ndiyo, lakini bayokemia haitakuwa ngeni kwako.

Binti wa Chake

Allah awalipe kheri nyote. Nimemsomea ami majibu haya. Amenyamaza kidogo, kisha akauliza Wawi nakwenda lini. Mama Wawi, barua niandike kwa nani?

Mama Wawi

Kwa mkuu wa maabara. Ukurasa mmoja: unasoma wapi, upo mpaka lini, unataka kujifunza nini. Ambatanisha barua ya chuo chako. Ipeleke kwa mkono asubuhi, usiiache kwa mlinzi.