Tupeane uzoefu: Kumwandaa mwanafunzi kwa maonesho ya sayansi, hasa sisi wa Dodoma

Mwalimu wa Chamwino

Ndugu walimu, wazazi na wote mliosoma shule zetu za huku, naomba tupeane uzoefu wa kuwaandaa wanafunzi kwa maonesho ya sayansi. Kila msimu unapokaribia, wanafunzi wangu huleta mawazo yaleyale: volkano ya magadi na siki, taa ya betri ndani ya boksi, na sayari zilizopakwa rangi. Vinapendeza machoni, lakini havina swali ndani yake, kwa kuwa jibu linajulikana kabla kazi haijaanza. Maonesho ya kitaifa ya Young Scientists Tanzania, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2011, hupokea hata miradi ya sayansi ya jamii na tabia, kwa hiyo shule isiyo na maabara haijafungiwa mlango. Ningependa kusikia kwa waliofanya: swali lilitoka wapi, lilipimwa kwa vifaa gani, na mwanafunzi alisimamaje mbele ya majaji? Habari za zawadi na nani alistahili kushinda tuziache.

Fizikia Kongwa

Mwalimu, ahsante kwa mada. Mradi ninaoukumbuka kuliko yote ulitoka sokoni. Wasichana wawili wa kidato cha tatu, ambao mama wa mmoja wao anauza mboga, walikuwa wakiona mchicha uliopangwa asubuhi unanyauka kabla ya adhuhuri, wakataka kujua kama chungu ndani ya chungu, chenye mchanga uliolowa katikati, kingeweza kuuhifadhi hadi kesho yake. Wazo hilo si geni duniani, na niliwaambia hivyo wazi. Kilichokuwa kipya ni kulipima katika hewa ya hapa.

Maji yanapovukiza kupitia vitundu vya udongo huondoka na joto, na gramu moja tu huchukua takriban jouli 2,400. Pwani, ambako hewa imejaa unyevu, chungu hichohicho hakipoi sana, lakini huku kwetu kati ya Mei na Novemba hewa ni kavu mno, na ukavu tunaoulalamikia kila siku ndio uliowafaa. Walitafuta jozi mbili za vyungu vinavyolingana, visivyopakwa rangi; jozi moja wakaitia mchanga wenye maji na nyingine mchanga mkavu, zote kivulini mahali pamoja penye upepo, na fungu jingine la mchicha likaachwa wazi juu ya meza. Ile jozi kavu ndiyo iliyowaokoa, kwa sababu bila hiyo jaji angeuliza wamejuaje kwamba si udongo wenyewe unaozuia joto kuingia.

Halafu walifunga kitambaa chenye maji kwenye balbu ya kipimajoto kimoja na kukipepea, kisha wakakilinganisha na kipimajoto kikavu. Kiwango kinachosomwa kwenye kile chenye kitambaa ndicho kikomo, yaani chungu hakiwezi kupoa kuliko hapo. Walipoona chungu chao kinakaribia kikomo lakini hakikifikii, walianza kubishana wenyewe: mmoja akasema ni unene wa chungu, mwingine akasema ni mfuniko. Mimi nilinyamaza, na nadhani kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote za msimamizi. Waliandika pia maji yaliyotumika kila siku, maana mahali ambapo watu hununua maji kwa dumu, kifaa kinachookoa mchicha na kumaliza dumu si msaada. Mvua za Desemba zilipoanza tofauti kati ya vyungu ilipungua, na mmoja wao alitaka kurasa hizo ziachwe. Hazikuachwa, na majaji walizisoma kwa muda mrefu kuliko nyingine zote.

Mzazi wa Nkuhungu

Naongezea upande wa wazazi, kwa ufupi. Mwanangu alipoingia kwenye maandalizi, baadhi yetu tulishauriana kumtafutia fundi wa kuchomelea ili mradi uonekane wa kisasa. Mwalimu wake alikataa kwa upole, akatuomba tununue daftari lenye jalada gumu na tumwachie mtoto aandike kwa mkono, pamoja na siku ambazo hakuna kilichobadilika. Gharama yetu iliishia hapo, na nauli.

Niliyesoma Kondoa

Sisi swali letu lilitoka kwa bibi. Alikuwa akitusimulia jinsi mifugo ilivyoondolewa katika milima yetu mwaka 1979, wakati wa mradi wa kuhifadhi udongo wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulioanza mwaka 1973, na jinsi majani yalivyorudi kwenye makorongo. Tukajiuliza kama majani peke yake yanaweza kuzuia udongo kiasi hicho. Tulitengeneza masanduku ya mbao yenye udongo wa shamba moja na mteremko mmoja: moja lenye nyasi zinazoota, la pili lenye mabua makavu yaliyotandazwa, la tatu tupu. Tulimwagia kila moja maji ya kiasi kilekile kwa kopo lililotobolewa, tukakinga yaliyotiririka kwenye chupa.

Jambo ambalo lingetuponyoka, kama si mwalimu wa jiografia, ni kwamba tope halipimwi likiwa na maji. Tuliliacha litulie, tukachuja kwa kitambaa, tukalianika hadi likakauka kabisa, ndipo tukaenda nalo kwenye mizani. Swali la kwanza la jaji lilihusu jambo hilohilo.

Nimekuwa jaji, ngazi ya wilaya

Tunachotafuta ni kama mwanafunzi anadai kile alichokipima na si zaidi. Miradi ya kusafisha maji kwa mbegu za mlonge hufika mara nyingi, nami naipenda, kwa kuwa protini za mbegu hizo kweli hukusanya chembe za tope zikazama chini. Lakini mwanafunzi aliyepima uangavu, kwa kutazama alama kupitia safu ya maji, ameonesha kwamba maji yamekuwa maangavu. Hajaonesha kwamba ni salama kunywa, kwani vijidudu havionekani kwa njia hiyo. Anayelisema hilo kabla sijauliza hupata alama nzuri.

Na ombi kwa wasimamizi: baada ya vifo vya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, vya mwaka 2016 hapa Dodoma na Manyara, wanafunzi wengi wanataka kuotesha ukungu kwenye mahindi na karanga darasani. Tafadhali msiruhusu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Wapime unyevu wa nafaka iliyoanikwa juu ya turubai na ile iliyoanikwa chini. Swali ni la ukoo uleule na halimdhuru mtu.

Mwalimu wa Chamwino

Nashukuru sana. Wanafunzi wangu wawili sasa wanauliza kwa nini sabuni haitoi povu kwa maji ya kisima cha shule. Waanzie wapi?

Fizikia Kongwa

Wayeyushe sabuni ya mche kidogo katika maji ya mvua, kisha wahesabu matone yanayohitajika hadi povu lidumu kwa dakika moja: katika maji ya kisima, katika maji hayohayo yaliyochemshwa na kupozwa, na katika maji ya mvua ya kulinganishia. Matone yakipungua baada ya kuchemsha, sehemu ya ugumu wa maji, yaani madini yanayozuia povu, ni ya muda, huondoka kwa kuchemsha. Yasipopungua, ni wa kudumu, na hapo watakuwa na swali la pili. Waandae sabuni ya kutosha majaribio yote kwa mkupuo mmoja, maana wakiyeyusha nyingine kesho nguvu yake haitakuwa ileile.